Fomu Haina Safu ya Mikono

Siku za kupima, Mama Tisa hakuingia shambani kabla ya saa tatu asubuhi. Jani lenye umande hudanganya. Linang'aa, na doa dogo linajificha chini ya maji. Kwa hiyo alikaa kwenye ngazi ya stoo ya kituo cha utafiti wa maharage, akachonga penseli mbili kwa wembe, akabana fomu kwenye ubao, akanywa chai yake taratibu mpaka majani yakauke. Kalamu ya wino hakuitaka hata kuisikia. Wino ukinyeshewa unakimbia, penseli inabaki pale ulipoiacha.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kati ya mistari ya maharage na kuupa ugonjwa namba. Moja maana yake jani ni safi, halina hata alama. Tisa maana yake mmea umekufa, au umebakiza kufa tu. Hapo katikati ndipo wapimaji wengi wanapojificha. Mtu akiogopa lawama anaandika tano, anaendelea na safari yake. Yeye hakuwa wa hivyo. Kwa miaka ishirini na miwili aliandika tisa penye tisa, hata kama mbegu ni ya mkubwa fulani aliyesimama nyuma yake akihema, na jina likamganda. Marehemu mumewe alikuwa akilalamika kwamba ameoa mwanamke asiyejua kumfariji mtu kwa uongo mdogo, na hakukosea.

Mkuu wake aliitwa Daktari wa Maharage. Alikuwa daktari wa kusomea, tena sana, lakini wa mimea. Kibao cha mlangoni kiliandikwa Daktari, basi, na haikupita wiki bila mtu mwenye jino bovu au mama mwenye mtoto wa homa kuja kukaa kwenye benchi lake kusubiri zamu. Hakuwafukuza. Aliwapa maji ya kunywa, akawaonyesha njia ya zahanati, na mara mbili aliwapeleka mwenyewe kwa gari la kituo. Alikuwa mtu mwema, na hilo lieleweke mapema, maana hapa hakuna mtu mbaya wa kumlaani.

Alichokuwa anatafuta ni harage moja lisilougua popote. Vituo vyake vilikuwa vitatu. Mlimani kulikuwa na ukungu na baridi, na huko ugonjwa wa chule ulichimba vidonda vyeusi kwenye maganda. Nyikani kulikuwa na jua kali na upepo, na kutu nyekundu ilipaka majani kama vumbi la tofali. Bondeni maji hayakuwahi kuondoka. Majani yalipata madoa yenye kona, na chini ya udongo mizizi ilioza kimyakimya. Mbegu iliyong'aa mlimani ilikufa bondeni. Iliyosimama bondeni ilikatwa na kutu nyikani. Miaka ilipita, mbegu kwa maelfu zilipita, na kila moja ilikuwa na kwao, ukiitoa kwao imekwisha.

Sasa, kumbe muda wote huo Mama Tisa alikuwa na kopo la mbegu nyumbani kwa mdogo wake.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, na mbegu zake zilikuwa nyeusi, ndogo, zenye jicho jeupe. Zilikuwa za mama yao. Mama yao aliishi bondeni, na kila mwaka alipanda mistari minne nyuma ya jiko, na mistari ile haikuugua hata siku moja. Mashamba ya jirani yalikauka, mistari ya mama ilisimama kijani. Watu wakisifu, mama aliitikia kwa kichwa na kuvuta mtandio wake ufunike mikono, maana kila msimu wa mvua mikono yake ilitoka madoa ya kahawia, yenye kona, hadi kwenye viwiko. Nyumbani waliuita ugonjwa wa mvua. Mavuno yakiisha na ugonjwa unaisha.

Mwaka mmoja mbuzi waliingia wakala mistari yote minne hadi ardhini. Msimu ule mikono ya mama ilikuwa laini, na wote nyumbani wakaisifu dawa ya kupaka iliyouzwa na mchuuzi wiki ile ile. Mchuuzi aliletewa wateja wengi kutokana na mikono ile. Mbuzi walichapwa.

Wakati wa kupanda, mama aliwaita mabinti zake wawili, akawapa majembe, na siku zote alisema maneno yale yale: "Nyie chimbeni mashimo. Mbegu niachieni mimi." Hakuwaruhusu wazishike hata moja. Wao waliona ni uchoyo. Yule mdogo, aliyekuwa na mdomo, alisema mama anadhani watazitafuna mbichi, wakacheka wakiwa wameinama, na mama naye akacheka, akaendelea kupanda peke yake, mkono ukitoka kwenye kopo na kurudi.

Alikufa katikati ya mvua, saa za mchana. Waliokuja kusaidia walipita nyuma ya jiko wakaona maharage yaliyokuwa kijani asubuhi yamekuwa meusi yote, majani chini. Walisema maharage yamemlilia, wakaendelea kupanga viti.

Mdogo mtu alibaki na nyumba na kopo. Hakupanda, alisema hana moyo. Mama Tisa ndiye aliyelikumbuka, miaka sita baadaye, siku moja akiwa ameandika tisa thelathini na nane mfululizo na mgongo unamuuma. Akaenda kuomba mbegu viganja viwili. Mdogo wake alimtania kwamba ametafuta dunia nzima kitu kilichokuwa juu ya kabati. Mbegu ikaandikishwa kituoni, ikapewa namba 214, ikapangiwa vitalu vitatu mlimani, vitatu nyikani na vitatu bondeni, kila kitalu mistari sita.

Hapa lazima ielezwe kanuni ya mkono mmoja, kwa sababu ilikuwa ya Mama Tisa mwenyewe. Zamani, alipokuwa bado mgeni kazini, aligundua kwamba nusu ya tofauti walizokuwa wanazipima hazikuwa za maharage, zilikuwa za vibarua: huyu anafukia mbegu chini sana, yule juu juu, mwingine anakanyaga. Akapendekeza kila mbegu ipandwe na mtu mmoja katika vitalu vyake vyote vya kituo kile. Daktari aliiweka kwenye mwongozo, ukurasa wa nne, na Mama Tisa aliuonyesha ukurasa ule kwa mumewe, kwa mama yake na kwa fundi cherehani wake. Ilikuwa kanuni nzuri. Mpaka leo haina kasoro kwenye karatasi.

Kwa namba 214, mlimani alipanda mzee mmoja aliyewahi kuwa seremala. Nyikani alipanda mjane mwenye mkono wa haraka. Bondeni Mama Tisa alimchagua mdogo wake. Alikuwa anaishi ng'ambo ya barabara ya kituo, mkono wake ulikuwa mtulivu, na mbegu ilikuwa ya mama yao. Mdogo wake alifurahi. Alisema angalau safari hii hatachimba mashimo tu kama kibarua wa mama, atashika mbegu yenyewe.

Na kuna jambo moja zaidi la kituo. Kila kitalu huzungushiwa mistari ya maharage dhaifu, yaliyopandwa makusudi yaugue, ili ugonjwa usikose pa kuanzia. Mbegu isiyoumwa kwa bahati tu haifai kitu. Lazima ishambuliwe kila upande ikatae.

Vipimo ni vitatu kwa msimu: wiki ya tatu, ya tano na ya saba. Wiki ya tatu namba 214 ilipata moja katika vituo vyote. Mlimani mzee seremala alikuwa na vidonda vinne vidogo vyeusi kwenye dole gumba. Alisema patasi zimemfanyia mabaya zaidi. Nyikani mjane alikuwa akipangusa vumbi jekundu mikononi kila jioni kwa kitambaa, na kila asubuhi analikuta limerudi. Alisema maadamu haliwashi, halina ugomvi naye. Bondeni mdogo wake alikuwa na madoa ya kahawia, yenye kona, hadi nyuma ya viganja. Mama Tisa aliyatazama, na bila kukusudia namba ikamjia kichwani: nne.

"Usinipime mimi," mdogo wake akasema. "Pima maharage."

Wiki ya tano majani yalikuwa moja, moja, moja. Maharage dhaifu ya pembeni yalikuwa yameshalala chini, na katikati yao mistari ya 214 ilisimama na maua yake meupe kama imepandwa leo kwenye nchi nyingine. Mama Tisa alivuka barabara kumwambia mdogo wake habari njema, akamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, miguu kwenye beseni. Madoa yalikuwa yamepita viwiko. Nyayo zilikuwa zimelainika na kugeuka rangi, na ulaini ulikuwa umepanda hadi kwenye vifundo. Zahanati walikuwa wamempa dawa ya kupaka. Mama Tisa akapiga magoti, akabonyeza kwa dole gumba pale juu ya kisigino, kama anavyobonyeza shina la harage pale linapoingia udongoni kujua kama mzizi umeoza, na ngozi ikabaki imebonyea. Akakumbuka mbuzi.

Alikumbuka pia hesabu, kwa sababu hesabu zilikuwa kazi yake. Mama alipanda mistari minne. Mdogo wake alikuwa amepanda kumi na minane, kwa mkono mmoja, kama mwongozo unavyotaka, katikati ya ugonjwa ulioletwa kwa makusudi. Alibaki amepiga magoti pale chini muda mrefu, hata mdogo wake akamuuliza kama amepoteza sindano.

Kesho yake Daktari wa Maharage alikuja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akasalimia, akaulizia afya ya binti wa nyumba, akatoa lenzi mfukoni. Aliuchunguza mkono wa mgonjwa kama anavyochunguza jani, juu kisha chini, akifuata kona za madoa. Alisema ni madoa yale yale, na miguuni ni kuoza kule kule kwa mizizi. Mikono alisema ni saba. Miguu ni nane. Hakuna aliyeshangaa, maana alichosema ndicho kila mmoja alichokuwa anakiona.

Alieleza kwamba mmea unaukataa ugonjwa, na ugonjwa uliokataliwa lazima utafute pa kwenda, na inaelekea unamwendea aliyeweka mbegu ardhini. Alisema ni namna ya ustahimilivu ambayo hajawahi kuisoma mahali. Kisha akakaa kwenye kigoda, akauliza kama anaweza kupata maji.

Mama Tisa akasema basi andika hayo. Andika kwenye fomu.

"Fomu inauliza jani, shina na ganda," Daktari akajibu. "Haina safu ya mikono." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia saa ya basi.

Mama Tisa akasema atang'oa. Daktari akamwambia ang'oe akitaka, hatamzuia, wala hatamwandikia barua. Ila msimu usio na kipimo cha tatu hauhesabiwi. Mwakani itabidi waanze upya, na mtu mwingine apande. Halafu akasema, akiangalia maji kwenye bilauri, kwamba bonde zima halijavuna harage lake kwa mvua tatu, na kwamba zahanati ile ile inayogawa dawa za kupaka sasa inagawa na unga wa watoto waliokonda. Yote yalikuwa kweli. Waliendelea kubishana juu ya kung'oa na kutong'oa, huyu akitaja wiki, yule akitaja miguu, mpaka mgonjwa akagonga beseni kwa kisigino.

"Mimi ndiye mwenye mikono," akasema. "Mbona hamniulizi?"

Wakamuuliza. Akasema wasing'oe. Zimebaki wiki mbili. Mama alifanya hivi misimu thelathini na hakumwambia mtu, yeye ashindwe mmoja? Kisha akamgeukia Daktari, akataka kujua kama harage likipita litapewa jina la mama yao. Daktari akasema atapendekeza hivyo kwa maandishi, na kweli alipendekeza. Nakala ya barua ipo.

Glavu zililetwa, za mpira, jozi mbili. Madoa yalipita ndani yake.

Siku ile kabla ya kuondoka bondeni, Mama Tisa aliingia kitalu cha kwanza peke yake na kushika shina la kwanza. Mistari kumi na minane si kazi. Angeimaliza kabla chai haijapoa, na mdogo wake angekasirika mwezi mzima, angenuna, angetukana, lakini angekuwa na miguu. Alijua hivyo. Alimpenda mdogo wake. Walikuwa wamebaki wawili tu duniani waliokumbuka sauti ya mama yao. Na aliitaka ile moja ya kipimo cha tatu. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, miaka ishirini na miwili ya kuandika tisa, na sasa hii hapa, imesimama, safi, ya mama. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli na tamaa ile ilikuwa ya kweli. Akaliachia shina, akajipangusa mikono kwenye sketi.

Wiki ya saba alifika bondeni mapema, akapitia nyumbani kwanza. Binti wa mdogo wake, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa ameacha kibarua cha dukani ili amuuguze mama yake, alimwambia mama amekunywa uji kidogo, amelala. Mama Tisa akachungulia. Mdogo wake alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, imejaa madoa hadi mabegani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa kazi ya siku nyingi. Akaurudishia mlango. Umande ulikuwa umeshakauka, akaenda kazini.

Kitalu cha kwanza kilikuwa safi. Maganda yamejaa, majani hayana hata alama. Akaandika moja. Kitalu cha pili, moja. Aliingia cha tatu, akainama, akageuza jani la chini kwa kidole kama kawaida, na chini ya kidole pakatokea doa. Lilikuwa la kahawia, na lilikuwa na kona. La pili likatokea kando yake, kisha yakawa mengi, yakaungana, na jani likajikunja likadondoka kiganjani mwake. Jani la juu likafuata. Shina likalainika pale linapoingia udongoni, na mmea ukalala, na wa pili ukalala, na ugonjwa ukaenda mstari hadi mstari kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Mama Tisa alisimama. Alijua ni nini kimetokea ng'ambo ya barabara. Moyo ulimuuma vibaya, na jicho likaangalia saa: saa nne na dakika ishirini. Mpimaji anaandika anachokiona. Akaandika tisa. Akarudi kitalu cha pili, akakikuta kimelala. Akaikata ile moja kwa mstari mmoja, akaandika tisa. Kitalu cha kwanza pia. Pembeni ya kila namba akaandika saa. Halafu akavuka barabara, na binti alikuwa amesimama mlangoni, ameshika bakuli la uji, hajui aliweke wapi.

"Nimeona," Mama Tisa akamwambia, ili binti asilazimike kusema.

Waliomwosha marehemu walitoka wakisema hawajawahi kuona mikono mizuri vile kwa mtu wa shamba. Hata doa moja halikuwepo. Nyayo zilikuwa ngumu na kavu kama za mtu aliyetembea sana kwenye njia nzuri. Mama Tisa aliomba aingie, akaishika mikono ile, akaigeuza juu kisha chini. Hakuweza kulia mpaka alipofika nyumbani na kukuta zile penseli mbili bado ziko nyuma ya masikio yake, moja kila upande.

Daktari wa Maharage alikuja mazishini. Alilia, tena bila kujificha, na alikaa na wafiwa siku mbili. Siku ya tatu alirudi ofisini, kwa sababu takwimu za msimu zilikuwa zinasubiriwa. Kulikuwa na moja nyingi, kutoka vituo vitatu, na mwisho kabisa tisa tatu za bondeni. Mwongozo, ukurasa wa kumi na moja, unasema vipimo vilivyochukuliwa siku yenye tukio lisilohusiana na jaribio viwekwe kando, na vya kabla yake vihesabiwe badala yake. Aliandika: msiba katika familia ya mpimaji. Akaviweka kando.

Mama Tisa alikwenda kumuona. Alikaa kwenye benchi, nyuma ya mzee mwenye jino, mpaka zamu yake ikafika.

"Niliandika nilichokiona," akasema.

"Najua," Daktari akajibu. "Ndiyo maana nimekiweka kando. Sijakifuta."

Akamwonyesha faili. Fomu ilikuwa humo ndani, na saa zake pembeni, imetobolewa vizuri na kubanwa. Alimuuliza kama anataka likizo. Alisema anaweza kumpa wiki tatu, na kama hazitoshi watazungumza. Mama Tisa akasema hataki, maharage ya nyikani yalikuwa bado hayajavunwa.

Namba 214 ikapita. Kamati iliyokaa kuipitisha ilisoma barua ya Daktari juu ya jina, ikajibu kwa heshima kwamba kanuni haziruhusu mbegu kuitwa kwa jina la mtu binafsi. Wakaiita Stahimili Moja. Kwenye pakiti walichora harage jeusi lenye jicho jeupe, na chini yake: hustahimili magonjwa katika mazingira yote.

Mbegu ziligawiwa bondeni kabla ya mvua, mbele ya kituo. Wanawake walikuja tangu asubuhi, wakapanga mstari hadi barabarani, na ingawa jua lilikuwa kali, wote walikuwa wamevaa nguo za mikono mirefu. Habari zilikuwa zimeshafika. Bonde lile halijawahi kuwa na siri. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Waliuliza pakiti moja inatoa mistari mingapi, kwa sababu walikuwa wameshapanga: mistari mitano mama mwenye nyumba, miwili mama mkwe kama bado ana nguvu, mmoja mmoja mabinti wakubwa. Nyumba moja ya mawifi wanne ilikuwa imepiga hesabu vizuri hivi kwamba kila mmoja hatapita tatu, labda nne mvua zikizidi. Walichekeshana kuhusu nani ana mikono mibaya tangu zamani, asiyekuwa na cha kupoteza. Wanaume walikuwa na kazi nyingine siku ile, kama kila mwaka wakati wa kupanda maharage.

Mama Tisa alikuwa mezani, anagawa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimuuliza kwa sauti ya chini kama mtu akiwa ananyonyesha, madoa yanapita kwenye maziwa.

"Haijapimwa," Mama Tisa akasema.

Mwanamke akashukuru. Akasogea pembeni kidogo kufikiria, wengine wawili wakampita, kisha akarudi kwenye mstari.

Pakiti ya mwisho Mama Tisa aliichukua mwenyewe, akatia sahihi kama wengine. Akavuka barabara. Binti wa mdogo wake alikuwa ameshalima nyuma ya jiko, mistari minne, pale pale ya bibi yake, na ameleta majembe mawili. Walianza pamoja. Walipomaliza mstari wa kwanza wa mashimo, binti akajipangusa, akanyoosha kiganja.

"Lete tugawane, mama mkubwa. Miwili wewe, miwili mimi."

Mama Tisa alimwaga mbegu kwenye lile kopo la maziwa ya unga, akalibana chini ya kwapa.

"Wewe chimba mashimo," akasema. "Mbegu niachie mimi."

Binti alibaki na kiganja hewani. Alikuwa anajua kila kitu, hakuwa kama wao enzi zile. Akauliza, polepole, kama siku moja na yeye akipata mabinti zake atawaambia hivyo hivyo.

Mama Tisa hakuwahi kumdanganya mtu, na hakuweza kuanza siku ile. Akainama, akaweka mbegu ya kwanza kwenye shimo, akaifukia kwa kina kile kile unachokitaka mwongozo.

"Chimba, mwanangu," akasema. "Jua linapanda."

Binti akachukua jembe, akaanza mstari wa pili.